Kadavre Juu ya Kisima

Ordinatere zilipofika kwenye shule ile ya upande wa Wamaza, prefe alichinja mbuzi. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa mpaka masikio yamechoka: wanafunzi walisimama juani tangu asubuhi wakiimba nyimbo za shukrani, na wageni wa shirika lililozileta wakakaa kivulini wakinywa soda ya moto. Mashini zenyewe zilikuwa kompyuta za zamani, zile zenye kioo kilichotoa tumbo kwa nyuma, nyeupe yake imekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku. Kule zilikotoka hakuna aliyezitaka tena hata kwa kuzuia mlango usipige. Zikafungwa vizuri, zikaandikwa zawadi, zikapanda meli, zikapanda lori, mwisho zikapanda pikipiki, mpaka kwenye shule isiyo na nguzo moja ya umeme. Nyumbani kwangu mtu akileta takataka zake mlangoni namrudisha nazo, na fagio nyuma yake. Kule alichinjiwa mbuzi.

Prefe, kwa wasiojua mambo yetu, ni mkuu wa shule ya sekondari. Huyu alikuwa mtu wa koti. Jua liwake, mvua inyeshe, koti, na kalamu zimepangwa mfukoni ingawa sijawahi kumwona akiandika. Kifaransa alisema hata na kuku. Alikuwa na namna ya kukusikiliza huku ameinua kidevu, kama anayenusa kitu kilichooza, na ukimaliza anakuambia jambo lile lile ulilomwambia, ila sasa ni lake.

Mimi niko Kasongo, na kiofisi changu karibu na soko. Nachapa barua za watu, natoa fotokopi, na mashini zikiugua naziponya kama zinapona. Watu wananiita mama ordinatere. Lakini yaya, yaani dada yangu mkubwa, aliolewa kule upande wa Wamaza, akafiwa na mume kule kule, akabaki. Nyumba yake iko bondeni chini ya shule, karibu na kisima, pale maji yanapotoka ubavuni mwa mlima. Hatua chache chini ya kisima kuna dimbwi ambamo wanawake wanaloweka mihogo mpaka ilainike. Yaya ni wa mihogo. Analoweka, anaanika, anatwanga, anauza unga, na unga ule ule ndio bukari, ugali wetu, anayokula yeye na wajukuu aliowachukua. Hana kitu kingine. Ukimharibia maji yale umemmaliza. Naomba mlishike hilo, maana wenye makoti hawakulishika.

Basi, mashini wakaziwasha kwa jenereta ya kukodi. Jenereta ile ilikuwa inanguruma, inalegea, inanguruma tena, na umeme wake ukapanda na kushuka hivyo hivyo. Zilizokuwa bado na roho zikaitoa siku ile. Prefe akapanda mlima kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu, akanipigia nije nitie dawa. Nikaenda, kwa sababu ni kazi yangu na kwa sababu ya yaya. Nilizifungua moja moja juu ya madawati. Chungu walikuwa wamejenga ndani, vumbi limeshikana na mafuta. Nyingine hazikuwa hata na diski: mtu huko Ulaya alikuwa ametoa utumbo, akatuletea ngozi. Na pembeni zilipangwa onduleri, yale masanduku mazito yenye batri ndani, ya kushika mashini umeme ukikatika. Batri zimevimba, mbili tatu zinatoa jasho.

Nikamwambia, "Papa Prefe, hizi ni kadavre."

Sasa neno hili. Kadavre ni maiti kwa Kifaransa, kila mtu anajua. Lakini sisi wa kazi ya kutengeneza mashini tunaita kadavre mashini isiyopona tena, ile unayoiweka pembeni uing'oe skrubu, waya, feni, umsaidie nayo mgonjwa mwingine. Kiofisini kwangu ziko kadavre tele na hakuna anayelia. Nilisema neno la kazi kwa mtu aliyejiita msomi, na sijutii. Nikamwambia pia, kwa maneno mepesi kabisa, kwamba batri zisivunjwe, vioo visivunjwe, kila kitu kikae ndani mahali pakavu mpaka tuone. Alininusa kwa kidevu chake, akasema "bien sûr", yaani bila shaka, nikarudi Kasongo.

Zikapita wiki. Siku moja mwenye pikipiki aliyetoka kule alisimama mlangoni kwangu, vumbi mpaka kwenye kope, akasema, "Mama, yaya yako anakutuma salamu. Anasema uje mbio. Wanachimba kaburi juu ya maji yake."

Nikauliza, "Nani amekufa?"

"Ordinatere, mama."

Nilimtazama nione kama atacheka. Hakucheka.

Mambo yalikuwa hivi. Wale wageni wa shirika walituma habari kwamba watarudi kuona watoto wamefika wapi katika masomo ya ordinatere. Prefe akatafuta njia ya kujiokoa. Angewaonyesha nini? Chumba kizima cha mashini zilizokufa, na yeye ndiye aliyetia sahihi kwamba zimefika zikiwa nzima? Akaita wazazi, akavaa uso wa msiba, akawaambia kwamba fundi mwenyewe kutoka Kasongo amekuja, amepima, na amesema ni kadavre. Na kadavre haiwezi kulala ndani ya chumba kimoja na watoto wa watu. Nani angebisha? Mzazi gani angesimama aseme, mimi napenda mtoto wangu asome pamoja na maiti? Wakatangaza salongo, kazi ile ya wote ambayo hakuna anayeruhusiwa kuikosa, kila nyumba na jembe lake. Na shimo wakalichimba kwenye mteremko nyuma ya shule, kwa sababu pale udongo ni laini. Laini! Haukulainishwa na maombi yao. Ni laini kwa sababu maji yako chini yake, maji ya kisima, na vichwa vyote vile vilivyokusanyika hakuna hata kimoja kilichouliza.

Nilipofika niliona shimo lenyewe. Lilikuwa refu, jembamba, kona zake zimenyooshwa vizuri, maana hilo ndilo shimo ambalo mikono yao imezoea. Mashini zimelazwa juu ya mikeka, zimepangwa mstari. Mama mmoja alikuwa amezifunika zile za mwisho kwa kipande cha kikwembe, yaani kitenge; nilipomuuliza kwa nini, akasema aliona vibaya kuziacha wazi. Walikuwa wamemwita katekista aje aseme neno, na mwalimu wa Kurani pia, ili upande wowote usilalamike. Watu hawa wawili ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya mpaka wa shamba, siku ile walikubaliana: walikataa wote wawili, wakaenda kukaa pamoja kwenye baraza la duka, wakicheka mpaka machozi. Ndio watu pekee niliowaheshimu mchana ule.

Onduleri zilikuwa zimetupwa tu karibu na shimo. Moja ilikuwa imepasuka ilipoangushwa, na majani chini yake yameungua, yamekuwa meupe.

Yaya alikuwa amesimama chini ya mteremko, beseni la mihogo iliyomenywa kichwani. Hakuwa ameloweka mihogo tangu waanze kuchimba. Mihogo iliyokuwa nyumbani ilikuwa inaanza kuwa myeusi.

"Mudogo wangu," akasema, "nambie kweli. Niweke ao nisiweke?"

"Usiweke kwanza, yaya."

Hakuuliza kwa nini. Alishusha beseni, akakaa kando yake. Nikaona jinsi alivyokonda, na damu ikanipanda mpaka kichwani. Nikapanda mteremko ule bila kupumzika.

"Papa Prefe," nikasema, na sikusema polepole, "batri hizi ziko na asidi ndani, ziko na madini ya risasi. Mvua ikinyesha vyote vitashuka kwa kisima. Munataka watu wakunywe nini? Hii ni sumu!"

Loo. Laiti ningesema neno lolote jingine.

Kwetu sumu si jambo la kitabu. Sumu ina mkono uliotia, ina kikombe, ina jina la mtu. Ukitamka neno lile mbele ya watu umefungua kesi. Na prefe, ambaye kwa mema alikuwa mzito kama mtumbwi uliojaa maji, kwa mabaya alikuwa mwepesi ajabu. Aliruka pale pale.

"Mumesikia? Mumesikia wote? Anasema tunamuwekea dada yake sumu! Ni nani? Ataje jina! Ao ni yaya yake ndiye anajua habari za sumu, sababu ni yeye anakaa karibu ya maji?"

Watu wakageuka, wote, wakatazama chini bondeni alipokaa yaya. Mjane, peke yake, kwenye mlango wa kisima. Niliona mwanamke akimvuta mtoto wake karibu. Mwingine alinong'ona kitu kwa Kibangubangu, lugha ya kule, mwenzake akaitikia. Mtu akianza kutazamwa hivi kule, baada ya msimu mmoja nyumba yake imebaki mahame. Nilikuja kumwokolea maji, na kwa neno moja nilikuwa karibu kumfukuzisha kwake. Niliogopa, nasema wazi. Na nilimchukia yule mtu wa koti kwa chuki safi kabisa, kwa sababu nilijua kwamba yeye mwenyewe haamini hata nusu ya alichosema.

Nikaliangalia lile shimo lao. Zile kona. Ile mikeka.

"Bon," nikasema. "Neno la sumu nimelirudisha, nimelimeza. Sasa munifundishe. Hii ni shimo ya nini?"

Mzee mmoja wa komiti ya wazazi akajibu, "Ni kaburi, mama."

"Kaburi ya nani?"

"Ya kadavre. Si wewe mwenyewe ulisema?"

"Nilisema. Ni kadavre, kadavre kabisa. Sasa, ninyi wenye inchi, munionyeshe kaburi moja tu, ya babu yenu, ya bibi yenu, ya mutu yeyote, mulichimba juu ya kisima. Moja tu. Mimi ni mugeni, pengine sikuona. Tangu lini munazika juu ya maji ya kukunywa?"

Kule wafu wanazikwa ng'ambo ya njia, upande ambao mteremko unaangalia porini, na hata mlevi akitoka kwenye pombe usiku anajua hivyo. Waliuangalia mteremko, wakaliangalia shimo, wakakiangalia kisima. Uliweza kuona akili zikifika, moja moja, zikihema. Bibi mmoja aliyekuwa ameegemea jembe lake akapiga mguu chini, akatoa maneno ya Kibangubangu ambayo sitayaandika, akaanza kurudisha udongo shimoni kwa miguu. Wanawake wengine wakamfuata, kisha wanaume. Prefe alipaza sauti, akaita Kifaransa chake chote kije kimsaidie, nacho kikafunikwa na udongo pamoja na shimo.

Mnafikiri nilifurahi? Wapi! Niliwaambia ukweli, wakataka kumla dada yangu. Niliwaambia upuuzi, eti mashini ina haki ya kaburi mahali pazuri, wakanitii mara moja. Mpaka leo nikikumbuka natema mate. Lakini maji yalikuwa yamepona, na maji ndiyo niliyoyafuata.

Haikuishia hapo. Yule mzee wa komiti alijikuna kichwa, akasema, "Sasa hizi kadavre zitalala wapi? Kadavre iko na ndugu zake, ni wao wanabeba." Na prefe, ambaye jasho lilikuwa halijamkauka, akadaka pale pale: "Ndugu yake ni ule aliyeitambua." Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaridhika sana. Hiyo ilikuwa sheria wanayoielewa. Nikawa mfiwa.

Sikubishana. Kwa nini nibishane? Nikiziacha, angezitafutia mteremko mwingine. Nilitafuta wenye pikipiki, nikafunga vioo kwa mablanketi ya yaya visije vikapasuka njiani, batri nikazisimamisha kwenye mabeseni ya plastiki yenye majivu, nyuso juu, ile iliyopasuka nikaibeba mwenyewe mapajani, juu ya magunia. Udongo ulioungua nilikwangua nikautia kwenye ndoo yenye kifuniko, nao nikaubeba. Prefe alisimama kwenye baraza la shule akitazama, mikono nyuma. Hakushika hata waya mmoja.

Kasongo nikaenda kwenye ofisi moja inayosema inashughulika na mambo ya mazingira. Nilimkuta bwana mmoja amelaza shavu kwenye kiganja. Nilimweleza yote, tangu mbuzi mpaka ndoo ya udongo. Akanisikiliza vizuri, hilo nampa. Kisha akaniuliza kwa upole, "Lakini mama, si uzizike tu?"

Nikatoka kabla sijasema la kunifungisha. Nikampata mnunuzi wa vyuma vya zamani, akasema atachukua batri zote leo leo, kuna watu huko kwenye machimbo upande wa Lusangi wanaziyeyusha wapate risasi. Nikamuuliza maji yake wanamwaga wapi. Akaniona mjinga. "Kwa muto, mama. Utamwanga wapi tena?" Na chini ya mto ule kuna nani? Kuna yaya wa mtu, na beseni lake. Nikamwambia aende zake.

Basi zipo kwangu, kwenye chumba cha nyuma chenye sakafu ya simenti na bati lisilovuja. Batri ziko juu ya mbao, zimesimama kwenye mabeseni. Vioo vimeelekea ukutani. Vinavyotumika navitoa: memori, feni, waya, skrubu; mashini zaidi ya moja mjini hapa inapumua kwa pafu la zile kadavre. Vilivyobaki vinangoja lori la mtu mwenye akili, litakalovipeleka mahali vinapotengenezwa bila kuua mtu. Mahali hapo sipajui. Nimeuliza wenye malori ya Kindu, nimeuliza wa Bukavu, wote wananijibu kwa kuinua mabega. Mume wangu anasema tunaishi na mochari. Mwache aseme.

Wageni wa shirika wakaja. Siku hiyo nilikuwa kule, nimempelekea yaya magunia, maana alikuwa ameanza kuloweka tena na unga ulikuwa unatoka. Wakatuita sote uwanjani. Prefe akasimama na koti lake, akasoma hotuba kwa Kifaransa. Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Alisema shule yake, kwa uongozi wake, imeondoa takataka za elektroniki kwa njia ya kuwajibika, ili kulinda kisima cha jamii. Alisema hivyo! Uso mkavu! Hata akawaonyesha kwa kidole mahali palipokuwa shimo: alikuwa amepapanda maua. Chumba kitupu cha ordinatere akakiita ushahidi. Wageni wakapiga makofi, na mama mmoja wa kizungu, kijana, uso mwema, akasema kwamba shule iliyoonyesha kukomaa namna hii haiwezi kuachwa bila vifaa. Wana ordinatere nyingine. Nyingi kuliko zile za kwanza.

Prefe akatafsiri hilo kwa Kiswahili, na hilo alilitafsiri vizuri.

Yaya alikuwa nyuma, kati ya wanawake. Si mtu wa kusema mbele za watu, sijawahi kumsikia. Akasema, sauti yake ikafika mpaka mbele: "Na hizo zikikufa, mutaziweka wapi? Muniambie leo, nijue ao nihame mbele zifike. Maji iko moja tu."

Mgeni akamgeukia prefe. "Mama anasema nini?"

"Mama anashukuru," akajibu prefe kwa Kifaransa, na akatabasamu.

Wageni wakampigia yaya makofi. Yaya akasimama pale, makofi yanamwangukia, anatazama huku na huku akingoja jibu.

Nilipita katikati ya watu kwa viwiko. Nikasimama mbele ya yule mama wa kizungu, nikamwambia kwa Kifaransa kila neno la yaya, bila kupunguza, kisha nikamwambia ya shimo, ya batri, ya majani yaliyoungua, na mahali mashini zake zilipo sasa hivi. Prefe alinivuta mkono, niliung'oa. Yule mama akawa mwekundu. Akatazama maua. Mwisho akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anasikitika sana, hakujua, na kwamba mzigo umekwisha kuondoka, hauwezi tena kurudishwa.

Yaya alikuwa amenifikia. Akavuta kikwembe changu.

"Amesema nini?"

"Amesema ziko njiani, yaya."

"Njia gani?" akauliza, na pale pale, mbele ya wageni wote, akaanza kujifunga kibwebwe, uso ameuelekeza barabarani.